Diski C imejaa: folda ya Temp imefika GB 61, nikifuta inajaa tena. Nianzie wapi?

Sakina_Juu, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kompyuta ya nyumbani. Ni ya mezani, ya mtumba, i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD ya GB 128 ambayo Windows inaionyesha kama GB 118. Ina Windows 10 toleo la 22H2. Nafasi iliyobaki kwenye diski C ni MB 740 tu. Excel inagoma kuhifadhi, printa inakatiza kazi katikati, kivinjari kinajifunga chenyewe.

Nimepima kwa WizTree, programu ya kuonyesha ukubwa wa folda, nikaifungua kwa haki za msimamizi ili isome kila folda. Matokeo haya hapa:

C:\Windows\Temp: GB 61
C:\Users\nyumbani\AppData\Local\Temp: GB 5.1
pagefile.sys: GB 4.5
C:\Windows\SoftwareDistribution: GB 3.8
hiberfil.sys: GB 3.2

Hiyo GB 61 karibu yote ni mafaili ya aina moja. Majina yanaanza na cab_ kisha namba, mfano cab_4120_2. Yako zaidi ya 580, kila moja MB 100 na ushee. Wiki mbili zilizopita nilifuta folda nzima, nafasi ikarudi, na sasa imejaa tena kana kwamba sikugusa kitu.

Ninachotaka kujua: haya mafaili ya cab_ yanatoka wapi na nitayazuiaje? Katika hizo folda nyingine, nini nifute na nini niache? Intaneti yangu ni bando la simu, kwa hiyo njia itakayonilazimisha kupakua upya magiga sitaiweza. Pia umeme wa huku unakatika mara kwa mara, je, unahusika?

FundiNjiro, Arusha

Mkuu, umefanya la maana kupima kabla ya kufuta, na jibu liko kwenye hilo jina. Faili linaloanza na cab_, la MB 100 hivi, ndani ya C:\Windows\Temp, ni kazi ya programu ndogo ya Windows iitwayo makecab.exe. Kazi yake ni kubana mafaili.

Windows ina logi, yaani faili la kumbukumbu, ya kila inachosakinisha au kurekebisha ndani ya mfumo. Inakaa C:\Windows\Logs\CBS na jina lake ni CBS.log. Ikinenepa, Windows inaibadilisha jina iwe CbsPersist_ ikifuatiwa na tarehe, kisha inamwita makecab aibane na kuokoa nafasi. Sasa makecab ina mpaka: haiwezi kubana faili linalozidi GB 2. Logi ikivuka hapo, makecab inaanza kazi, inaandika faili la muda kwenye C:\Windows\Temp, inashindwa, inaliacha hapo hapo. Baada ya muda inajaribu tena. Faili jingine. Inaendelea hivyo mpaka diski inakauka.

Ndiyo maana kufuta Temp peke yake hakukusaidia. Ulikata matawi, mzizi ukabaki kwenye folda ya Logs. Nina hakika ukienda C:\Windows\Logs\CBS utakuta CbsPersist moja yenye zaidi ya GB 2. Kwenye orodha yako haikuonekana kwa sababu imefunikwa na hiyo 61.

Fuata mpangilio huu, usiuruke.

Kwanza bonyeza Restart. Usitumie Shut down: kwenye Windows 10 yenye Fast Startup, Shut down haizimi mfumo kikamilifu, inahifadhi sehemu ya mfumo ndani ya hiberfil.sys na kuirudisha ukiwasha. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa, na mafaili yaliyokuwa yameshikwa yanaachiwa.

Halafu andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Run as administrator". Simamisha huduma inayoandika logi:

net stop trustedinstaller

Ikikujibu kwamba huduma haikuwa imewashwa, sawa, endelea. Fungua Task Manager, upande wa Details, utazame kama makecab.exe ipo; ikiwepo, imalize. Usipoimaliza utaambiwa faili linatumika.

Kabla ya kufuta logi, isome. Humo ndimo kuna sababu ya ugonjwa wenyewe, na watu wengi huifuta bila kuitazama. Usiifungue kwa Notepad, faili la GB 2 litaigandisha kompyuta. Fungua PowerShell uchukue mistari ya mwisho tu:

Get-Content C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log -Tail 200

Tafuta mistari yenye neno Error na namba inayoanza na 0x8. Iandike pembeni. Sasa rudi kwenye cmd:

del /q C:\Windows\Logs\CBS\CbsPersist_*
del /q C:\Windows\Temp\cab_*

Kwa nini kwa amri na siyo kwa kipanya? Ukifuta kwa kitufe cha Delete, mafaili yanaweza kuhamia pipa la taka, na pipa hilo liko kwenye diski ile ile C, kwa hiyo nafasi hairudi mpaka ulimwage. Amri ya del inafuta moja kwa moja. Ndiyo sababu pia usikosee jina: baada ya del hakuna kurudisha.

Kuhusu umeme: ndiyo, unahusika sana. Logi haifiki GB 2 kwa matumizi ya kawaida. Inafika huko pale apdeti inaposhindwa na kurudiwa, au sehemu fulani ya mfumo ikiwa imeharibika na Windows inalalamika juu ya kitu kile kile maelfu ya mara. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa imeandika "Working on updates", hapo ndipo sehemu hizo huharibika. Kagua hivi:

DISM /Online /Cleanup-Image /ScanHealth

Hii inakagua tu, haipakui chochote, kwa hiyo bando lako salama. Leta jibu lake hapa kabla ya hatua ya kurekebisha, kwa sababu kurekebisha kunaweza kuhitaji intaneti na kuna njia ya kulikwepa hilo.

PasuaTech, Moshi

Naunga mkono FundiNjiro. Naongezea hiyo GB 5.1 ya AppData\Local\Temp, kwa sababu hizi ni folda mbili tofauti na watu wanazichanganya. C:\Windows\Temp inatumiwa na huduma za mfumo. Ile unayoifungua kwa Win+R na %temp% ni ya mtumiaji aliyeingia. Kama nyumbani mna akaunti tatu, ya baba, ya mama na ya watoto, kila mmoja ana Temp yake, na ukisafisha yako za wengine zinabaki.

Humo ndani kuna kitu kimoja kinachoumiza watu. Mtu ametumiwa faili la zip kwa barua pepe. Analifungua kwa 7-Zip au WinRAR, anabofya mara mbili waraka ulio ndani yake bila kuutoa kwanza, anaujaza, anahifadhi. Waraka ule hauko kwenye Documents. Uko ndani ya Temp, kwenye folda yenye jina kama 7zO4C1A2B au Rar$DIa. Kwa kawaida programu itamuuliza kama anataka kuurudisha ndani ya zip, lakini umeme ukikatika au akibonyeza hapana, nakala pekee yenye kazi yake imebaki Temp. Ukija kufuta, umeifuta.

Kwa hiyo kabla ya kusafisha, tafuta nyaraka kwanza:

dir /s /b "%temp%\*.docx" "%temp%\*.xlsx" "%temp%\*.pdf"

Chochote utakachokitambua, kinakili kwenye Documents. Na kwa nyaraka za Office ambazo hazikuhifadhiwa kabisa, angalia AppData\Local\Microsoft\Office\UnsavedFiles. Hiyo haiko ndani ya Temp, lakini programu nyingi za usafi huifagia pamoja.

Baada ya hapo fungua Settings, System, Storage, kisha "Temporary files". Subiri imalize kuhesabu. Weka tiki kwenye mafaili ya muda, "Delivery Optimization Files" na "Thumbnails". Sehemu ya Downloads iache bila tiki. Orodha hiyo inaiweka Downloads pamoja na takataka, na kwa wengi wetu Downloads ndiko zinakokaa risiti, fomu za shule na picha walizotumiwa. Kitu kisipofutika kwa njia hii, usishangae: usafi wa Windows huyaacha mafaili mapya ya siku chache kwa kudhani bado yana kazi.

Upande wa bando, nitakuambia kila moja inagharimu nini.

Delivery Optimization ni nakala za apdeti zilizowekwa ili kompyuta nyingine zichukue kwako. Futa, hazirudi kwa gharama yako. Tena nenda Settings, Update & Security, Delivery Optimization, uzime kabisa ruhusa ya kupakua kutoka kompyuta nyingine; ikiwashwa kwa kompyuta za kwenye intaneti, inaweza kupandisha data kutoka kwako pia, na hiyo ni bando lako.

SoftwareDistribution\Download ni apdeti zilizokwisha kupakuliwa. Hapa tulia. Kama kuna apdeti iliyopakuliwa ikisubiri kusakinishwa, ukifuta utaipakua upya, na apdeti ya mwezi ya Windows 10 ni mamia ya MB. Kwanza ingia Windows Update utazame. Ikiandika "Pending install" au "Pending restart", isakinishe kwanza wakati umeme umetulia. Kama inaonyesha imeshindwa mara tatu nne, basi hilo faili yamkini limeharibika na kulifuta ndiyo dawa:

net stop wuauserv
net stop bits

Futa vilivyomo ndani ya Download, siyo folda yenyewe, kisha net start kwa zote mbili.

Kache ya kivinjari, yaani nakala za kurasa ulizokwisha fungua, ukiifuta, kurasa zote zitapakuliwa upya siku ya kwanza. Inarudisha nafasi kidogo na inakula bando. Mimi naishauri iwe ya mwisho.

Na kwenye mtandao wa simu, weka alama ya "metered": Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bofya jina la simu yako, washa "Set as metered connection". Windows itaacha kupakua apdeti kubwa kimya kimya. Siku ukiwa na Wi-Fi ya bure unapakua kwa kutaka mwenyewe.

Rau_Boy, Moshi

Mbona mnazunguka? Tengeneza faili la bat, yaani faili la amri, weka mistari miwili, ulitupe kwenye folda ya Startup, kila ukiwasha kompyuta inajisafisha:

cd /d %temp%
del /s /q *

PasuaTech, Moshi

Mdogo wangu, naomba mtu yeyote asiinakili hiyo. Siyo ubishi, ni hatari kweli.

Tazama mstari wa kwanza. Siku folda ya Temp ikiwa haipo au jina lake limebadilika, cd inashindwa na kuandika "The system cannot find the path specified". Lakini bat haisimami, inaenda mstari wa pili. Sasa del inafanya kazi pale dirisha lilipofunguka. Ukiwa umeendesha kwa haki za msimamizi, dirisha la amri hufunguka C:\Windows\System32. Umemwamuru afute kila kitu ndani ya System32, pamoja na folda zake za ndani, bila kuuliza. Mengine yatagoma kwa sababu yanatumika au yamelindwa, lakini yatakayofutika yanatosha kuizuia kompyuta isiwake.

La pili, kufuta wakati wa kuwasha ni wakati mbaya. Programu zinazosakinishwa na kuomba Restart huacha mafaili yao Temp ili zimalizie zikiwaka. Ukizifagia, usakinishaji unakatikia njiani.

Anayetaka amri ya kujirudia atumie hii, inagusa tu mafaili yaliyokaa siku saba au zaidi na inataja folda yenyewe:

forfiles /p "%temp%" /s /d -7 /c "cmd /c if @isdir==FALSE del /q @path"

Nayo ina kasoro moja ya kujua: inatazama tarehe ya faili kubadilishwa mara ya mwisho. Waraka ulioufungua leo kutoka kwenye zip unaweza kuja na tarehe yake ya zamani, ukahesabiwa kuwa mkongwe. Funga programu zote kabla ya kuiendesha. Kwa nyumbani, Storage Sense iliyomo kwenye Settings, ukiipangia mara moja kwa mwezi na Downloads ukaiwekea "Never", inatosha kabisa.

Rau_Boy, Moshi

Hiyo ya System32 sikuijua. Nimeitoa kwenye kompyuta yangu. Shukrani mkuu.

Kaloleni_Picha, Arusha

Wanaohariri picha na video wasiishie kwenye Temp za Windows, nusu ya mzigo uko kwingine.

Photoshop inapoishiwa RAM hutumia diski kama daftari la kazi. Hutengeneza faili liitwalo Photoshop Temp na namba, na linaweza kufika GB kadhaa ukiwa na picha kubwa yenye tabaka nyingi. Ukifunga programu vizuri linafutika. Umeme ukikatika, linabaki, na ukiwasha tena Photoshop inatengeneza jingine. Kwa mji wetu huu, kati ya picha za mbuga na za harusi, mtu anaweza kuwa na matano ya namna hiyo bila kujua. Yafute Photoshop ikiwa imefungwa tu. Ukiyagusa ikiwa wazi, kazi inaanguka.

Premiere, ile ya kuhariri video, ina kache yake AppData\Roaming\Adobe\Common, folda za Media Cache na Media Cache Files. Humo mna sauti iliyogeuzwa na alama za video zako. Haifuti video asilia, lakini ukifuta, mradi utachelewa kufunguka maana anaanza kuzitengeneza upya. Njia nzuri ni kuingia Preferences, Media Cache, ukaihamishia kwenye diski ya nje na ukaweka siku za kufutwa zenyewe.

Mkuu wa Sakina, hata kama hauhariri, angalia Telegram ya kwenye kompyuta: Settings, Advanced, "Manage local storage". Pana mstari wa kuburuta wa kuweka kikomo cha kache. Na kwenye Downloads tafuta mafaili yanayoishia na .crdownload. Hizo ni pakua zilizokatika bando lilipoisha. Kama hakuna kinachopakuliwa muda huo, futa bila wasiwasi.

Sakina_Juu, Arusha

Wakuu, asanteni sana. Nimefuata mpangilio wa FundiNjiro. CbsPersist moja ilikuwa na GB 2.3 kama alivyosema. Baada ya kufuta logi na cab_, nafasi wazi ni GB 63. Nimefuta pia Temp ya mtumiaji; ile amri ya kutafuta nyaraka ilinitolea xlsx mbili za ada ya shule zilizokuwa ndani ya folda ya 7zO, nimeziokoa.

ScanHealth imejibu "The component store is repairable". Kwenye logi kosa linalojirudia ni 0x80073712. Nirekebisheje kwa bando dogo? Na hiberfil ya GB 3.2 niifute? Printa bado ina kazi tatu zilizoganda, hazifutiki.

FundiNjiro, Arusha

0x80073712 maana yake sehemu fulani ya hifadhi ya mfumo haipo au imeharibika, ndiyo maana kila apdeti ilikuwa inagonga mwamba na kuandika logi. Usipoirekebisha, cab_ zitarudi.

Kwa bando dogo, tafuta mtu mwenye ISO (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha) ya Windows 10 22H2, lugha ile ile na ya biti 64 kama yako. Inatosha flashi ya GB 8, ila iwe imeformatiwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Inakili kwenye kompyuta, ibofye mara mbili, itafunguka kama diski, tuseme E. Ingia folda ya sources uone kama kuna install.wim au install.esd. Kisha tazama ni namba ipi yenye toleo lako, Home au Pro:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.esd

Ikiwa Pro ni namba 6, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:esd:E:\sources\install.esd:6 /LimitAccess

Kama faili ni la wim, badilisha esd kuwa wim sehemu zote mbili. Namba ukiikosea, ukaweka ya Home kwenye Pro, itasema chanzo hakikupatikana. /LimitAccess ndiyo inayomkataza asiende intaneti. Asilimia inaweza kusimama 62.3 kwa dakika nyingi. Usifunge dirisha, bado anafanya kazi. Ikiishia na 0x800f081f licha ya namba kuwa sahihi, ina maana kompyuta yako ina apdeti mpya kuliko ISO na kipande anachokitaka hakimo. Hapo iondoe /LimitAccess, achukue hicho kilichopungua mtandaoni.

Ikimaliza, endesha sfc /scannow ikague mafaili ya mfumo, kisha Restart. Fanya haya asubuhi umeme ukiwa umetulia, au ukiwa na UPS. Ile ndogo ya VA 650 haitakufikisha mwisho wa apdeti, ila inakupa dakika za kuzima kwa utaratibu. Stabilaiza siyo UPS, haihifadhi umeme wowote. Naona majumba mengi yanazichanganya hizi mbili.

Hiberfil: usiifute kwa mkono, haitakubali. Hiyo GB 3.2 ni asilimia 40 ya RAM yako. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri unaweza kuizima kwa powercfg /h off na faili litaondoka lenyewe, ila Fast Startup nayo inakufa, kuwaka kutachelewa kidogo. Ukitaka kubaki na Fast Startup, andika powercfg /h /type reduced, itashuka hadi asilimia 20. Pagefile, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, iache. RAM ya GB 8 bila pagefile ni kuzitafutia programu kifo cha ghafla.

Printa ni mafaili ya muda pia:

net stop spooler
del /q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*
net start spooler

Zilikwama kwa sababu diski ilijaa kabla kazi haijamaliza kuandikwa. Zitume upya.

Mwisho, folda ya C:\Windows\WinSxS, ndiyo hiyo hifadhi ya sehemu za mfumo. WizTree itakuonyesha ni kubwa na utatamani kuifuta. Usiiguse kwa mkono hata kidogo. Mafaili mengi humo ni yale yale ya System32 yenye majina mawili, ukubwa unahesabiwa mara mbili. Baada ya RestoreHealth kufanikiwa tumia:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Acha /ResetBase, utapoteza uwezo wa kung'oa apdeti itakayokusumbua.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 ya kizazi cha nane inakubalika kwa Windows 11. Ukipandisha, Windows.old itakaa siku kumi kisha itafutwa yenyewe, kwa hiyo hizo GB 63 usizijaze mapema. Mimi nisingeruhusu C ishuke chini ya GB 15 kwenye SSD ya ukubwa huo.

Baada ya siku tatu andika dir C:\Windows\Temp\cab_* uone. Ikisema "File Not Found", umepona. Ukikuta hata moja jipya, pima CBS.log kwanza, usifute, uniwekee hapa mistari 50 ya mwisho.